Kumpima mama aliye Muheza ukiwa Dar: ununue nini, na nani azisome namba

Swali: Mama yangu ana miaka 71, anaishi Muheza na mjukuu wake wa kidato cha pili. Ana presha ya kupanda kwa miaka mingi, na mwezi uliopita alilazwa: wakasema moyo umepanuka na maji yameingia kwenye mapafu. Ametoka na dawa kadhaa, mojawapo ya kukojoza. Mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Nimeona saa za mkononi zinazopima presha, oksijeni, mapigo na hata sukari, halafu zinatuma kila kitu kwenye simu yangu. Nimnunulie? Na kama siyo, nifanyeje ili nijue hali yake kila siku?

Jibu: Saa hiyo iache dukani. Kwa maradhi ya mama, kinachohitajika ni mizani ya kusimama, mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, na kipima oksijeni cha kidole, kwa umuhimu wa mpangilio huohuo. Ila kabla ya kutoa hela kwa lolote kati ya hivyo, tafuta kwanza mtu wa kliniki atakayepokea simu namba zikiharibika, mwenye mamlaka ya kusema dawa iongezwe au ipunguzwe. Huduma nyingi za kupima nyumbani hufia hapo, vifaa vikiwa bado vizima.

Hilo lina ushahidi. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka hospitali kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Kundi moja lilitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mtambo unaojibu wenyewe bila mtu na kuingiza uzito na dalili. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti yoyote na wale waliohudumiwa kwa kawaida, si kwa vifo, si kwa kulazwa tena. Asilimia 14 hawakuwahi kupiga hata mara moja, na kufikia mwisho ni 55 tu katika kila 100 waliokuwa wakipiga angalau mara 3 kwa wiki. Mwaka 2018 Wajerumani wakatoa wa kwao, wagonjwa 1,571, wenye mizani, mashine ya presha, kipima oksijeni na kipimo cha umeme wa moyo nyumbani. Tofauti ni kwamba upande wa pili palikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, siku 7, waliokuwa wakipiga simu na kurekebisha dawa siku hiyohiyo. Vifo vilikuwa 7.86 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11.34 kwa wale wasiofuatiliwa hivyo. Kituo cha namna hiyo Muheza hutakipata, lakini unaweza kukiiga kwa udogo: mpimaji mmoja, msomaji mmoja, na mtu mmoja wa kliniki.

Kwa nini si saa

Saa humulika mwanga kwenye ngozi ya kifundo cha mkono na kusoma jinsi damu inavyopita. Kwa mapigo ya moyo mtu akiwa ametulia, hiyo inatosha. Presha ni jambo jingine: hakuna kinachoubana mshipa, kwa hiyo saa inakadiria tu kutokana na umbo la wimbi la damu. Hata zile za kampuni kubwa zenye huduma hiyo hudai zisawazishwe kwa mashine ya mkanda kila baada ya wiki 4, maana yake mashine ya mkanda utainunua vilevile. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa presha ulikataa vifaa visivyo na mkanda kutumika kugundua presha au kuamulia dawa. Ama kuhusu sukari, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Muuzaji anayekuambia saa yake inapima sukari amekusaidia: umeshajua uzito wa maneno yake mengine.

Mizani ndiyo ya kwanza

Watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu mizani inaonekana kitu cha watu wa kupunguza unene. Moyo ukidhoofika, figo hubakiza chumvi na maji mwilini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kabla mama hajaanza kukosa pumzi, kilo mbili au tatu za maji huwa zimeshaingia kimyakimya, na mizani inaziona siku kadhaa mapema. Kanuni inayotumika sana: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, kliniki ipigiwe siku hiyohiyo, hata kama mama anasema yuko salama.

Nunua mizani ya kawaida ya dijitali inayosoma kwa hatua ya gramu 100. Zile za "kupima mafuta mwilini" hupitisha umeme mdogo miguuni. Aliyewekewa betri ya moyo hapaswi kuzikanyaga, na kwa mama hazina faida ya ziada. Iwekwe kwenye sakafu ngumu ya saruji au vigae, mahali pamoja siku zote. Juu ya mkeka, zulia au sakafu ya udongo itadanganya. Kama sakafu ni ya udongo, weka kipande kinene cha ubao kilicholala sawasawa na kisihamishwe. Apime asubuhi baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai, bila viatu, na nguo nyepesi ileile. Khanga mbili na sweta la Julai ni karibu kilo nzima ya uongo.

Asubuhi ya kwanza kabisa uzito wa nyumbani uandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari. Usichukue ule ulioandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kwa sababu mizani mbili hazikubaliani, na tofauti ya kilo moja na nusu kati ya ya wodini na ya nyumbani ni kitu cha kawaida. Mwulize daktari: "Uzito huu ndio wa mwili usio na maji ya ziada?" Akisema ndiyo, huo ndio wa kulinganishia. Na kila Jumapili mjukuu aweke juu ya mizani katoni ileile ya maji ambayo haijafunguliwa. Chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18 za maji, pamoja na plastiki kidogo. Namba ikibadilika kutoka wiki hadi wiki, tatizo ni mizani au betri zake.

Uzito ukishuka nao una habari. Kilo 2 chini ya ule wa kalamu nyekundu, pamoja na kizunguzungu, kuharisha au kutokula, ni dalili kwamba dawa ya kukojoza imekausha kupita kiasi. Hapo pia kliniki ipigiwe.

Mashine ya presha

Chagua ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Jina la mfano wake litafute kwenye orodha za wazi za mashine zilizopimwa usahihi. STRIDE BP na orodha ya chama cha presha cha Uingereza na Ireland zinasomeka bure mtandaoni. Linganisha herufi na tarakimu zote za mfano, kwa kuwa kampuni moja huuza iliyopimwa na isiyopimwa kwenye makasha yanayofanana.

Halafu mkanda. Mjukuu apime mzunguko wa mkono wa mama kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 22 hadi 32 ni mkanda wa kawaida. 32 hadi 42 ni mkubwa. Ipo pia inayochukua 22 hadi 42. Hili si la kupuuza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mtu anayestahili mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu 5, na anayestahili mkubwa zaidi hupanda kwa karibu 20. Kuna watu wanameza vidonge vya ziada kwa sababu ya mkanda mwembamba.

Upimaji wenyewe ndio unaoharibu namba kuliko mashine. Kama mama huamka kuswali Alfajiri, wakati mzuri ni baada ya hapo, kabla ya chai na kabla ya dawa, kisha tena jioni. Awe ameshaenda chooni, maana kibofu kilichojaa huipandisha. Akae kwenye kiti chenye egemeo, si kwenye kigoda wala ukingoni mwa kitanda, miguu yote chini bila kupishana, atulie dakika 5 bila kuongea. Mkono ulale mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo, juu ya ngozi. Mkono wa gauni usikunjwe ukabana kwapani, heri uvuliwe. Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, na vidole viwili viweze kupenya. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba hupanda kwa takriban 7 au 8. Na mjukuu asiulize habari za chumvi huku mashine ikijaza. Kuongea peke yake kunatosha kuipandisha.

Vipimo viwili, dakika moja kati yao, vyote viandikwe. Siku ya kwanza pimeni mikono yote miwili. Ule wenye namba kubwa ndio utakaotumika daima. Tofauti ya 3 au 4 kati ya kipimo na kipimo haina maana yoyote: kiwango cha kimataifa cha kukubali mashine kinaruhusu wastani wa makosa wa hadi 5. Kinachosomwa na daktari ni wastani wa siku 7, ukitupa siku ya kwanza. Kwa vipimo vya nyumbani, mpaka wa presha ya kupanda ni 135/85, ambao ni sawa na 140/90 ya kliniki. Lengo la mama mwenyewe huenda likawa tofauti, kwa sababu dawa nyingi za moyo dhaifu hushusha presha makusudi. Liandikwe na daktari wake.

Kwa umri wake, mara moja kwa wiki apimwe pia akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3 baada ya kuinuka. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, yuko hatarini kuanguka anapokwenda msalani usiku. Hili halijulikani sana, nalo ndilo linalovunja nyonga za wazee.

Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyolingana mara kwa mara, mwambie daktari; moyo unaodunda bila mpangilio huichanganya mashine, ndipo huhitajika vipimo vitatu na wastani wake. Hospitali watampima kwa kipimo cha umeme wa moyo kujua ni nini.

Kipima oksijeni, na ngozi yetu

Kifaa hiki hupitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu na ule usioonekana kwa macho, na kulinganisha kiasi kinachonyonywa na damu. Ngozi nyeusi hukichanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha kidole na damu ya mshipa wa ateri: pale kifaa kiliposoma 92 hadi 96, wagonjwa weusi 11.7 katika 100 walikuwa na oksijeni iliyoshuka chini ya 88 kwa kweli. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Kwa lugha nyepesi, kifaa kinaweza kutuambia ni salama pasipo salama. Kwa hiyo kwa mama, mwenendo una thamani kuliko namba moja. Mtu ambaye kila siku ni 97 akawa 93, ameshuka, hata kama kijitabu cha kifaa kinasema 93 si mbaya sana.

Kidole kiwe na joto, mkono umetulia juu ya paja, na asome baada ya sekunde 30 hadi 60 namba ikishatulia, si ile ya kwanza kutokea. Rangi ya kucha ifutwe, hasa nyeusi na bluu. Kama mama ni mtu wa piko, kidole kimoja kibaki bila kupakwa. Rangi nzito nyeusi inaweza kuziba mwanga, kifaa kikakataa au kikatoa namba ya ovyo. Kabla ya kukiamini kifaa kipya, kibane kwenye kalamu au karoti. Kikionyesha "98" kwa karoti, kirudishe.

Kwa mpango wa Uingereza wa kupima nyumbani wakati wa Uviko-19, 95 na zaidi ilikuwa kawaida, 93 na 94 kupiga simu, 92 kushuka chini kwenda hospitali mara moja. Ni mipaka mizuri ya kuanzia mazungumzo na daktari wa mama, ukikumbuka hilo la ngozi.

Kipimo cha nne hakina bei: pumzi. Mjukuu ahesabu kifua kinavyoinuka kwa dakika nzima kwa saa ya simu, bibi akiwa amepumzika na asijue anahesabiwa, kwa sababu akijua atabadilisha. Kati ya 12 na 20 ni kawaida. Ikifika 25 akiwa amekaa tu, hiyo ni hatari. Kipimajoto kiwepo ndani, lakini cha kutumia akijisikia homa. 38 na zaidi kwa mgonjwa wa moyo ni simu ya siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya kifua au malaria huusukuma moyo dhaifu kwenye maji tena.

Namba zifike vipi Dar

Mashine zenye Bluetooth zipo na zinafanya kazi, ila huungana na simu moja. Simu janja ya mjukuu ikienda naye shuleni au bando likiisha, wewe unaona ukimya na huelewi kama ni mama au ni mtandao. Nyingine hukataa kutuma mpaka programu iruhusiwe kujua mahali simu ilipo, au zinapoteza uunganisho kila simu ikijisasisha. Nakushauri anza na daftari la kawaida na ujumbe mfupi wa simu, hata wa kiswaswadu, kabla ya saa 1:30 asubuhi, kwa mpangilio usiobadilika:

*Uzito 61.4. Presha 138/82, 134/80. Mapigo 76. Oksijeni 96. Pumzi 18. Miguu sawa. Mito 2. Dawa ndiyo.*

"Mito" ni idadi ya mito anayolalia. Mtu aliyekuwa analala kwa mto mmoja akahamia mitatu, au akaamka usiku kukaa dirishani apate hewa, ameshaanza kujaa maji, hata mizani ikiwa haijasema. Mizani haikamati kila mgonjwa. Wengine huzidiwa uzito ukiwa haujapanda sana, ndiyo maana maswali ya mito na kikohozi cha usiku hayaachwi. Miguu kuvimba peke yake ina mkanganyiko wake: amlodipine, dawa ya presha inayotumika sana, huvimbisha vifundo vya miguu bila moyo kuwa na kosa. Uzito ukiwa palepale na pumzi ni nzuri, liulizwe kliniki ijayo, na dawa isiachwe.

Kama mtandao upo, picha ya kioo cha mashine kwenye WhatsApp ni bora kuliko namba zilizoandikwa. Wanaoandika kwa mkono hupenda kuzungusha: 138 inakuwa 140, na mtoto aliyechelewa shule anaweza kunakili za jana. Tarehe na saa za mashine zikaguliwe kila betri zinapobadilishwa, kwani nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani na kumbukumbu yote inakuwa haina maana. Na lipo la majirani. Mashine ya presha ikifika kwenye nyumba, kufikia jioni mtaa mzima umeshapimwa, na kumbukumbu ya mama ina namba za watu tisa. Usiwakatalie, mashine nyingi zina kitufe cha mtumiaji wa 1 na wa 2, mama awe 1 na wageni wote 2.

Ujumbe usiende kwenye kundi la ukoo. Kwanza ni siri ya mgonjwa, na taarifa za afya zinalindwa na sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Pili, kila shangazi atakuwa na dawa yake. Msomaji awe mmoja, na wa akiba mmoja kwa siku ambazo uko safarini. Ujumbe usipofika hadi saa 3 asubuhi, wewe ndiye unayepiga. Ukimya ni kipimo pia.

Namba ikiharibika

Karatasi moja ibandikwe ukutani Muheza, nakala yake iwe kwako, na mipaka yake iwekwe na daktari anayemtibu. Nenda na rasimu ili asianze na karatasi tupu. Kwa mgonjwa wa aina yake, ya kuanzia inaweza kuwa hivi. Kupiga kliniki siku hiyohiyo: kilo 2 ndani ya siku 3, mito imeongezeka, namba ya juu ya presha chini ya 90, au chini ya 100 akiwa na kizunguzungu, namba ya juu 180 au ya chini 120, baada ya kupumzika dakika 5 na kurudia, bila dalili yoyote, mapigo chini ya 50 au zaidi ya 120 ametulia, oksijeni 93 au 94. Kwenda hospitali bila kusubiri jibu la mtu: oksijeni 92 kushuka chini ikiwa imerudiwa kwenye kidole kingine, pumzi 25 na zaidi, presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma vikali au macho kutoona vizuri.

Kuna hali ambazo mashine isitafutwe kabisa: mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki sawasawa, kifua kinabana, ameanguka na kuzimia, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, anakohoa povu la rangi ya waridi. Hapo ni gari. Dakika 5 za kupumzika kabla ya kupima ni dakika 5 zimepotea. Usafiri upangwe leo: namba mbili za wenye gari au bajaji wanaokubali usiku, nauli ikiwa imetengwa kwenye simu ya mtu aliye pale. Bodaboda kwa mtu anayehema si usafiri.

Namba mbaya isiwafanye mwongeze vidonge kwa akili yenu. Hasa tabia ya zamani ya kupasua kidonge cha nifedipine chini ya ulimi presha ikipanda: huishusha ghafla, na kiharusi au mshtuko wa moyo umewahi kufuata. Ruhusa pekee inayofaa kuombwa mapema ni ya dawa ya kukojoza: madaktari wengine humwandikia mgonjwa kwamba uzito ukipanda kiasi fulani, aongeze kiasi fulani kwa siku kadhaa kisha apige simu. Ikiandikwa na kusainiwa, fuateni. Isipoandikwa, msifanye.

Uzito ukipanda, kabla ya kulaumu dawa uliza mambo mawili. La kwanza chumvi: samaki wa ng'onda, mchuzi wa vidonge vya viungo, mlo wa harusini. La pili dawa za maumivu. Diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa duka la dawa bila cheti kwa ajili ya magoti, hubakiza maji na zimewarudisha wodini wagonjwa wengi wa moyo waliokuwa wanaendelea vizuri. Kwa magoti ya mama, paracetamol, na neno la daktari likizidi hapo. Na Ramadhani ikikaribia, msingoje siku ya kwanza ya mfungo. Dawa ya kukojoza na saumu kwenye joto la Tanga ni jambo la kuzungumza kliniki wiki kadhaa kabla.

Wiki ya kwanza, na baada ya hapo

Mwezi wa kwanza baada ya kutoka wodini ndio wenye hatari kubwa ya kurudi, kwa hiyo vipimo vyote asubuhi na presha tena jioni kwa wiki 2 hadi 4. Baadaye punguzeni makusudi: uzito na maswali ya mito kila siku, presha siku 3 kwa wiki, halafu siku 7 mfululizo kabla ya kila kliniki, oksijeni anapojisikia vibaya tu. Ukiwalazimisha kila kitu kila siku kwa mwaka mzima, watachoka kama wale Wamarekani, na kitakachoachwa kwanza kitakuwa uzito.

Betri za akiba ziwe ndani; mashine yenye betri zinazokaribia kuisha hutoa alama ya kosa au husita kujaza, na watu hudhani imekufa. Mkanda usikunjwe kinyume, na mrija wake usiwekewe kitu kizito. Kliniki ijayo mama aende na daftari pamoja na mashine yenyewe. Muombe muuguzi ampime kwa mashine yao, kisha kwa ya nyumbani, mkono uleule, dakika moja kati, mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya 10 mara zote mbili, pimeni upya mkono na mkanda kabla ya kuilaumu mashine.